Bia chachu na chakula: mbona nyingine inapooza na nyingine inageuka siki?

Mezani4
Wakuu, menyu ina saladi ya nyanya yenye siki, kome, kuku wa kukaanga na keki ya chokoleti. Bia zilizopo ni gose (bia chachu ya Kijerumani), gueuze na oude kriek (zote mbili za Ubelgiji; kriek ni ya cheri). Kwenye jaribio, gose ilikuwa kama maji mbele ya saladi, na kriek ilikwaruza koo baada ya keki. Kosa ni la bia au la mpangilio?

Hamira_Mwitu
Mpangilio. Ulimi hupima uchachu kwa kulinganisha: saladi ikiizidi bia, bia inapooza. Weka siki kijiko 1 kwa mafuta vijiko 4 au 5, kisha ongeza jibini laini ya mbuzi. Mafuta na chumvi ya jibini hutuliza asidi, na gose inapata nafasi ya kusikika.

Keki ni kinyume chake. Sukari ya keki hufunika utamu mdogo wa bia, inabaki asidi tupu. Neno "oude" kwenye lebo ya kriek ni onyo tosha: ni lambiki (bia inayochachushwa na hamira za mwituni) ya asili ya Ubelgiji, kavu, haijaongezwa utamu. Kwa keki tafuta kriek iliyotiwa utamu. Hiyo oude kriek mpe bata wa kuokwa, atafurahi nayo zaidi.

Sufuria_Nzito
Gueuze iende kwa kome bila mjadala. Ni mchanganyiko wa lambiki changa na zilizokomaa, kwa kawaida za mwaka 1, 2 na 3, na ukavu wake unasafisha mdomo baada ya siagi.

Ukipika kome kwa gueuze hiyo hiyo, kilo 1 inatoshwa na mililita 150 za bia. Kaanga kitunguu kwa siagi, mimina bia, ikichemka tia kome, funika dakika 4 hadi 5. Zima maganda yakifunguka. Yaliyogoma kufunguka tupa. Wengi huharibu hapa: wanaacha mchuzi ukauke ili uwe mzito. Maji na kilevi vinaondoka, asidi ya laktiki (inayoipa bia uchachu) haiondoki, kwa hiyo kadiri unavyopunguza ndivyo uchachu unavyopanda. Ukitaka uzito, zima moto kisha koroga gramu 30 za siagi baridi. Na limau usikamulie, bia imeshafanya kazi hiyo.

Mezani4
Nashukuru. Naweza kutia maziwa kwenye mchuzi huo?

Sufuria_Nzito
Maziwa hapana, yatakatika: protini yake huganda pH (kipimo cha asidi, namba ndogo ni uchachu zaidi) ikishuka karibu na 4.6, na gueuze iko chini zaidi ya hapo. Krimu nzito yenye mafuta asilimia 35 inavumilia. Itie mwishoni, moto ukiwa mdogo.

Povu_Jembamba
Kuku wa kukaanga na gose ni ndoa nzuri, ila gose ina chumvi na giligilani tayari. Punguza chumvi ya kuku kabla hujalaumu bia. Pilipili nayo iwe kiasi, maana gesi na asidi vyote huchochea mwasho.

Halafu joto la bia, hili watu hulipuuza sana. Gose nyuzi 5 hadi 7, gueuze 8 hadi 12. Gueuze iliyotoka tu kwenye friji huficha harufu yake, unabaki kusikia uchachu peke yake. Itoe dakika 20 kabla ya kome kuingia jikoni, chupa ikiwa wima ili mashapo yatulie.