Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Sauti alizokuwa akizisikia kichwani zimeisha, lakini bado anawadhania watu vibaya. Haya mafunzo ya kikundi ya kusoma nyuso yanasaidia?

DadaWaAwasi: Hamjambo wote. Mdogo wangu ana miaka 26, anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi hapa Awasi. Sindano ya dawa anadungwa kila mwezi, hakosi, na huu ni mwaka wa pili sauti zimenyamaza. Shida iliyobaki ni nyingine. Wiki jana mama mmoja alileta simu iliyopasuka kioo. Akawa anaiangalia huku amekunja uso, na nani hangekunja, kioo cha elfu tatu! Mdogo wangu akaamini amekunjiwa yeye. Akamrudishia simu yake, akafunga kibanda, akashinda kitandani siku mbili. Hii ni mara ya tatu tangu Januari.

Kliniki ya Kisumu wametuambia kuna kikundi cha kufundishwa kutambua nyuso na kukisia mwenzako anawaza nini. Ni mara moja kwa wiki, kama miezi mitano. Nauli kwenda na kurudi ni 400, na siku hiyo kibanda hakifunguliwi. Mama anasema mtu mzima hafundishwi kutazama uso, tuongeze maombi. Nimpeleke ama niache?

FundiKondele: Nyuso? Nimeoa miaka kumi na miwili na bado sijui wangu akinuna ni njaa ama ni mimi. Hiyo 400 nunua unga.

NesiMstaafu: Fundi, wewe ukikosea unauliza, mnacheka, mnakula. Mwenye ugonjwa huu hukosea halafu anajifungia ndani. Hapo ndipo kazi inapopotea, hata kama sauti zimetulia.

Dada, nikuambie ukweli bila kukupaka mafuta. Mwaka 2012 watafiti wawili, Kurtz na Richardson, waliunganisha tafiti 19 za mafunzo haya, zenye wagonjwa 692. Kutambua hisia usoni kuliongezeka vizuri. Kukisia mwenzako anawaza nini kuliongezeka pia, ila kidogo kuliko hapo. Na waliofundishwa walionekana kumudu maisha ya kila siku vyema zaidi. Lakini sauti na imani za ajabu hazikupungua kwa kiasi cha kujivunia, kwa hiyo sindano iko palepale. Na ile tabia ya kuona kila baya limeelekezwa kwako, ambayo ndiyo inayomsumbua kijana wako, haikubadilika waziwazi kwenye tafiti hizo. Mpeleke, lakini usitarajie arudi mtu mwingine.

BabaPacha: Wakimwambia aache dawa kwa sababu sasa ana mafunzo, mchukue mrudi nyumbani siku hiyohiyo. Sina lingine.

NilipitaHuko_Nakuru: Mimi ni mgonjwa, si mlezi. Nilihudhuria kikundi kama hicho, tulikuwa saba. Wiki za kwanza nilichoka: picha ya uso, sema ni hasira ama ni huzuni. Nyuso zenyewe zilikuwa za Wazungu! Tukalalamika, mwezeshaji akaanza kutupiga picha sisi wenyewe tukiigiza. Hapo ndipo niligundua uso wangu wa kawaida wenzangu wote sita waliusoma kuwa ni hasira.

Zoezi lililonikaa ni la picha inayochorwa mstari mmoja mmoja. Unaulizwa ni nini. Mstari wa pili tu nikaapa ni nyoka. Mwisho wake ilikuwa kamba ya ng'ombe. Halafu tukaletewa kisa: jirani amepita bila kukusalimu. Kwenye daftari unachora safu mbili, *nilichoona* na *nilichodhani*. Kwenye nilichoona nilikuwa na neno moja, "amepita". Kwenye nilichodhani nilijaza ukurasa.

Bado nadhania watu. Lakini siku hizi naandika kwanza, na mara nyingine nauliza.

NesiMstaafu: Zoezi la picha ni kama lile la mafunzo yaliyotungwa Hamburg, Ujerumani, na watafiti Moritz na Woodward. Yanapatikana bure kwenye intaneti kwa lugha zaidi ya 30, kwa hiyo mtu asikuuzie. Mweleze mwezeshaji pia kwamba kwetu kijana kumkwepa mkubwa macho ni heshima. Wasimhesabie kuwa ni ugonjwa.

FundiKondele: Nimekubali kushindwa. Hiyo daftari ya safu mbili nitaijaribu nyumbani.

DadaWaAwasi: Asanteni sana. Nilimsomea mdogo wangu habari ya nyoka na kamba, akacheka, kisha akauliza kama huko kwenye kikundi watamcheka. Nikamjibu sijui, tutaenda tuone. Alhamisi tunaanza. Mama hajakubali, ila ametoa 200 na kusema ni ya chai. NilipitaHuko, nikuulize: ile daftari ulikuwa unamwonyesha mtu wa nyumbani, ama ilikuwa siri yako? Naogopa nikiisoma nitaonekana polisi.

NilipitaHuko_Nakuru: Safu ya kwanza tu ndiyo niliyomwonyesha dada yangu. Ya pili mwachie mwenyewe hadi atakapokuita.