Mjadala: Vyuo vya ufundi vinunue kwanza mkono wa roboti au roboti ya Kartesi?

Wakuu, ikitajwa otomesheni picha inayowekwa ni ile ile: mkono wenye viungo sita unachomelea bodi za magari. Hata chuo cha ufundi kikiota vifaa vipya, kinaota huo mkono. Mimi napinga. Fedha ya umma ianze na roboti ya Kartesi.

Hii hutembea kwa mistari iliyonyooka tu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mihimili mitatu, kila mmoja na reli yake na mota yake. Jina linatokana na Descartes, Mfaransa aliyechapa jiometri yake mwaka 1637. Ndiye chanzo cha zile X na Y zilizotutoa jasho sekondari. Wengi mmeshaiona bila kuiita roboti. CNC, ile mashine inayoongozwa na kompyuta kuchonga milango kwenye karakana za samani, imejengwa hivyo hivyo, na printa nyingi za 3D pia.

Ninachoipendea ni kwamba fundi anaikokotoa kwa kalamu. Chukua skrubu inayosogeza kichwa milimita 5 kwa kila mzunguko, na mota inayogawa mzunguko mmoja kwa hatua 200. Kila hatua ni milimita 0.025. Unataka milimita 300? Mota izunguke mara 60, basi. Mkono wa viungo sita, ili ncha yake ipite mstari ulionyooka, viungo kadhaa lazima vipinde kwa pamoja, kila kimoja kwa kasi yake, na hesabu hiyo imefungiwa ndani ya kisanduku cha aliyeuza. Kikigoma, unamsubiri yeye. Kwenye Kartesi mkanda ukikatika au beringi ikilia, unajua pa kushika.

Sasa nisiipambe. Inataka fremu kubwa kuliko eneo inalofanyia kazi. Haipindi kuchomelea nyuma ya bomba. Vumbi la mbao likiingia kwenye reli, zinalika. Na umeme ukikatika, yenye mota za hatua bila kihisi cha nafasi husahau ilipo, mpaka irudishwe mwanzo ndipo iendelee; kwetu hilo si dogo. Anayefundisha vijana wa kuunganisha magari ana haki ya kudai mkono. Lakini viwanda vyetu vingi vinajaza chupa, vinapaka gundi, vinapanga katoni. Chukua hapa, weka pale.

Ubishi wenyewe uko kwenye ajira. Kwenye viwanda vya plastiki, kuna mtu anayefungua mlango wa mashine, anatoa beseni la moto kwenye kalibu, anafunga, anarudia mpaka zamu iishe. Roboti ya Kartesi hufungwa juu ya mashine hiyo ifanye hivyo hasa. Unimate, roboti ya kwanza kuingia kiwandani, pale General Motors, New Jersey, mwaka 1961, nayo ilianza kwa kutoa vipande vya chuma vya moto kwenye mashine ya kumimina. (Ilikuwa mkono, si Kartesi, msinirukie.) Kazi ya kuunguza vidole nani ataililia? Ataililia anayelipwa kwa siku. Na lile jibu la "atapata kazi nyingine" hutolewa na watu wasiolipwa kwa siku.

Ndiyo maana nakazania vyuo. Roboti hizi zinakuja, chuo kipende kisipende. Zikiundwa na kutunzwa na mafundi wetu, sehemu ya ule ujira uliopotea inabaki hapa. Zikishushwa kwenye kontena pamoja na mtaalamu wake, unaondoka wote.

Walimu wa ufundi na wenye viwanda mko humu. Anayetaka mkono kwanza aanze na hili: ukigoma katikati ya muhula, nani wa kuufungua, na kwa bajeti ipi?