Kulipwa miwa kwa utamu badala ya tani: tuweke masharti gani?

Kamati_Muhoroni: Wadau, hamjambo. Ushirika wetu umeombwa maoni: tubaki na malipo ya tani au tulipwe kwa sukari iliyomo kwenye muwa? Wapo wanaosema mizani ndiyo inayofanya watu wavune miwa michanga. Ni kweli? Na tukikubali kubadilisha, tudai nini kabla ya kutia sahihi?

Tikiti_ya_Mizani: Ni kweli. Muwa wa miezi 13 tayari una uzito, lakini sukari nyingi huingia mwishoni, kuelekea miezi 18. Mizani haioni hilo. Tuseme ekari yako ina tani 24 leo, na ukingoja miezi mitano itakuwa na 30. Mwenye karo ya kulipa atangoja vipi kwa ajili ya tani sita, huku akihofia moto na wezi? Kiwanda nacho kinajua kisipokata leo, trela ya kiwanda jirani itakata kesho. Kila mmoja anafanya la busara kwake, kisha sukari iliyokuwa ikitoka kwa tani 10 za miwa inataka 14. Julai 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha usagaji ili miwa ikomae. Marufuku ilipoisha, hesabu ya mkulima ilibaki ileile.

Ratuni_Bungoma: Utamu sawa, ila kwanza ulizeni unapimwa wapi na saa ngapi. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na ulioungua huharibika haraka zaidi. Trekta ikiwa ya kiwanda na kipimo kikafanywa getini siku ya nne, mkulima ndiye anayelipia uchelewaji wa wengine. Daini saa ya kukata iandikwe kwenye tikiti. Zikipita saa 48, malipo yafuate kipimo cha shambani.

Cha shambani ni rifraktomita ya mkononi, kifaa kidogo cha kupima utamu wa juisi. Iwekeni sifuri kwa maji safi, kamueni matone mawili matatu ya juisi, msome briksi, yaani namba ya utamu. Chukueni mashina kama 10 kutoka mistari ya katikati, si ya kando ya barabara, na kila shina lipimwe chini na juu. Chini 20 na juu 12, bado. Chini 20 na juu 19, iteni wakataji. Baada ya mvua kubwa namba hushuka, subirini siku kadhaa. Halafu briksi huhesabu kila kilichoyeyuka, si sukrosi (sukari yenyewe) tu. Itumieni kuchagua siku ya kukata. Pesa zifuate kipimo cha maabara, na sampuli ichotwe kwa bomba linalopenya mzigo mzima, si miwa mitatu ya juu aliyoichagua karani.

Panga_Kali: Mmemsahau mkataji! Analipwa kwa tani, kwa hiyo vilele na majani hupanda trela pamoja na miwa. Kwa mizani hilo halikumuumiza mkulima. Kwa utamu litamuumiza, maana kilele hakina sukari ya maana. Sehemu ya ujira wake ishikwe hadi mzigo ukaguliwe.

Nyando_Mtaa: Na moto. Miwa iliyoungua ikichukuliwa kwanza, aliyesahauliwa shambani miezi 24 atajua dawa yake ni kiberiti. Mkipunguza bei ya miwa yote iliyoungua, mnamwadhibu pia aliyechomewa na jirani. Afadhali foleni ya uvunaji ibandikwe ukutani kwa tarehe za kupanda, kila mtu aione zamu yake. Malipo mabaya huzaa hila: Wafaransa kule Hanoi, 1902, walilipa kwa kila mkia wa panya ili panya wapungue. Watu wakakata mikia na kuwaachilia panya wakazaane.

Kamati_Muhoroni: Shukrani. Mpimaji wa maabara alipwe na nani?

Ratuni_Bungoma: Si kiwanda peke yake, maana kila pointi anayopunguza ni faida kwa anayemlipa. Nusu kwa nusu na ushirika, kwa ada isiyobadilika kwa mwezi. Juisi ya kila mzigo igawanywe chupa mbili, moja ifungwe kwa lakiri na kugandishwa kwenye friza ya ushirika hadi malipo yatoke. Na friza iwe na jenereta. Stima ikipotea siku nzima, hiyo chupa si ushahidi tena.