Mama anataka kuacha kusafisha damu anasema mbinguni panamtosha, naombeni ushauri

Wapendwa shalom, naomba ushauri hasa kwa wachungaji na waliouguza wazazi. Mama yangu ana shida ya figo, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki na anachoka mno, sasa ameanza kusema mwanangu mniache tu, kwangu kufa ni faida kama alivyosema Paulo. Halafu anasema kwa amani kabisa, wala sio kukata tamaa, na kusema ukweli hiyo imani ndo imembeba miaka yote tangu baba afariki, akisoma Ufunuo 21 pale Mungu anapofuta kila chozi unamuona kabisa anapata nguvu.

Mimi naamini mbinguni kama yeye. Najua mashahidi wa Uganda walichomwa Namugongo 1886 wakiwa wanasali, tumaini hilo lina nguvu kweli. Ila wale waliuawa, hawakuacha matibabu! Na Paulo mwenyewe kwenye Wafilipi 1 anasema anatamani kwenda akakae na Kristo, lakini kubaki ni muhimu zaidi kwa ajili ya wale aliowalea. Nataka nimsomee mama hapo, naogopa asije ona nampinga Mungu wake au namng'ang'aniza aendelee kuteseka kwa ajili yangu.

Nianzeje kuongea naye? Nimwite mchungaji kwanza au daktari? Na kama akishikilia msimamo wake, ni dhambi kumkubalia?