Wasiwasi wa udhu: dawa au mazungumzo?

Muulizaji, Wete: Assalaam alaykum. Mdogo wangu hurudia udhu hadi wakati wa sala unatoka, na mikono yake imechanika kwa maji na sabuni. Kisomo cha Qur'ani tumemfanyia. Daktari amesema ni maradhi ya wasiwasi wa kujirudiarudia, akataja vidonge na mazungumzo. Kipi kianze?

Jibu la kwanza: Waalaykum salaam, dada. Mazungumzo yenyewe si nasaha tu, bali ni mazoezi ambayo mgonjwa, akiongozwa na mtaalamu, hukikabili hatua kwa hatua kile kinachomtia hofu, kisha hujizuia kurudia. Kwa mfano, atatia udhu mara moja, aende kusali huku shaka ingalipo, mpaka hofu ipungue yenyewe. Nanyi nyumbani msimjibu kila anapouliza kama udhu wake umetimia, kwani jibu humtuliza kwa muda mfupi tu, kisha huuliza tena. (Hili ndilo gumu zaidi kwa mama.)

Jibu la pili: Naongezea kuhusu dawa. Fluoksetini na sertralini hutumika pia kwa sonona, lakini kwa maradhi haya mara nyingi huhitajika dozi kubwa zaidi, na nafuu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Asiache ghafla bila ya daktari. Hali ikiwa nzito, dawa na mazungumzo huenda pamoja. Kisomo hakipingani na tiba.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, Unguja aende Kidongo Chekundu?

Jibu la pili: Naam, ndiyo hospitali ya maradhi ya akili, mwombeni daktari wake barua ya rufaa.