Ile yogati ya bure kwenye ofa ya supamaketi, anayeilipia ni mimi

Wanajamvi, leo nimekasirika na sitaki mtu aje kuniambia "hiyo ndiyo biashara".

Natengeneza yogati Kariobangi, Nairobi, mimi na vijana sita. Miaka miwili iliyopita supamaketi moja kubwa ilikubali kuchukua mzigo wangu, nikachinja mbuzi. Kumbe mbuzi mwenyewe ni mimi.

Ijumaa nimepita huko nikakuta bango: nunua mbili, beba ya tatu bure. Mama mmoja alijaza tisa kikapuni, akaniambia, "Hawa watu wanatujali kweli." Nikanyamaza. Hiyo ya tatu hukatwa kwenye hela zangu, wala sikuulizwa. Niliikuta tu kwenye karatasi ya malipo, pamoja na "mchango" wa kufungua tawi jipya. Mpaka msichana anayepanga rafu zao, mshahara wake natoa mimi!

Halafu friji. Usiku huzimwa (mlinzi ndiye aliyeninong'oneza), asubuhi vifuniko vimefura kama puto, narudishiwa kreti nne eti mzigo mbovu. Hasara ya nani? Mnajua.

Mkataba unasema nilipwe kwa siku 30. Leo ni ya 117. Mfugaji wa Githunguri ananidai maziwa, na ng'ombe wake hali invoisi. Mwezi jana nimewaachisha vijana wawili, waliobaki wamepata nusu mshahara.

Msiniambie nisubiri. Wadai walipopiga kura Januari 2020 kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ifungwe, madeni yalikuwa ya mabilioni, na wasambazaji wadogo waliachwa wameshika makaratasi. Sheria ya kumzuia mnunuzi mkubwa asimkandamize muuzaji tunayo. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitoza supamaketi moja faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa mchezo huu huu, baada ya malalamiko ya muuza mafuta ya kupikia na muuza asali. Lakini mimi nikiandika barua leo, kesho oda hakuna, na robo tatu ya kazi yangu ni oda zao.

Wenye vioski mtaani kwangu walikuwa wananilipa taslimu, hata kwa pakiti kumi. Niliwapa kisogo nikawafuata wakubwa. Wawili sasa wamefunga. Wangeshindanaje na bei ya ofa? Ofa niliyoilipia mimi.

Kuna yeyote humu aliyewahi kuwashtaki na bado anawauzia? Naomba jibu kabla ya Jumatatu, kuna kreti nyingine zinasubiri gari.