Yah: VE (barua ya udhamini wa viza ya Ujerumani) ya watoto wa kaka, namba ya pasipoti imebadilika

Shangazi, Hannover
Habarini wanajamii. Watoto wa kaka, miaka 7 na 4, wanakuja kutoka Dar mwishoni mwa Februari pamoja na bibi yao. VE zilishatoka, ila mkubwa amepata pasipoti mpya na namba haifanani na iliyo kwenye VE. ABH (ofisi ya wageni) wanataka nilipe euro 29 upya, na miadi ya karibu ni Machi! Je, ubalozi hupokea VE hiyohiyo ikiambatanishwa na nakala ya pasipoti ya zamani?

Kaka wa Bremen
Shikamoo shangazi. Angalia kwanza faili la watoto, wengi hukwamia hapo. Fomu ya viza ya kila mtoto isainiwe na wazazi wote wawili. Wakibaki Dar, waandike barua ya ridhaa yenye jina la bibi, namba ya pasipoti yake na tarehe za safari. Mzazi mmoja hayupo? Cheti cha kifo au amri ya mahakama. Barua ya mjumbe haisaidii. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Bima isipungue euro 30,000, Schengen nzima, pamoja na gharama za kumrudisha mgonjwa nyumbani. Ada ya viza ya mkubwa euro 45, mdogo bure kwa kuwa hajafika 6. Alama za vidole hawachukuliwi, ni chini ya 12. Wakinyimwa, andikeni Remonstration, yaani barua ya kupinga uamuzi wa ubalozi.

Mzee wa Kassel
Tusipotoshane. Remonstration imefutwa tangu 1 Julai 2025. Kilichobaki ni ombi jipya au kesi mahakama ya utawala Berlin. Na ombi lipelekwe siku 15 kabla ya safari kwa uchache. Hizo ni za kwenye karatasi, asizitegemee.

Kaka wa Bremen
Nimekusikia mzee. Ungeweza kusema bila kufoka.

Dada Mainz
Na watoto wenyewe je? Wanatoka kwenye joto la kaskazi, halafu watu wanawavisha fulana na juu yake koti kubwa kama godoro. Vaeni tabaka: fulana ya mikono mirefu na taitsi za kubana, juu sweta, mwisho koti na suruali visivyopitisha maji. Mwishoni mwa Februari theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, kwa hiyo kinachowatesa ni kulowa. Glavu jozi mbili kila mtoto, maana moja itakuwa juu ya hita ikikauka. Buti ziache nafasi ya upana wa kidole mbele. Soksi mbili ndani ya buti za kubana hupunguza mzunguko wa damu na miguu hupoa zaidi. Ukitaka kujua kama ana baridi, usishike vidole, pitisha mkono nyuma ya shingo ndani ya kola. Pakiwa na jasho, vua tabaka moja. Mafuta ya mgando usoni kabla ya kutoka.

Fundi, Dortmund
Koti hilo livuliwe kabla ya kumfunga mkanda kwenye gari. Jaribu: mfunge akiwa nalo, mfungue, mvue, mfunge tena bila kukaza. Nafasi utakayoiona kifuani ndiyo atakayorushwa nayo breki ikikamatwa ghafla. Mfunge bila koti, kisha mfunike nalo. Kiti cha mtoto ni lazima kwa aliye chini ya miaka 12 na chini ya sm 150, hata kama safari ni ya dakika tano.

Kaka wa Bremen
Msiazime viti vya zamani, vya R44 (kile kiwango cha usalama cha zamani) vimepigwa marufuku.

Fundi, Dortmund
Kuviuza vikiwa vipya ndiko kulikokatazwa, tangu Septemba 2024. Kuvitumia ruksa vikiwa vya R44/03 au R44/04, ilimradi havijapata ajali na mikanda haijachanika.

Dada Mainz
Makaratasi yote haya kwa mtoto wa miaka minne! Mjerumani anajaza fomu mtandaoni, dola 50, kesho yuko Zanzibar. Nani kamdhamini?

Mzee wa Kassel
Ongeza dola 44 za bima ya Zanzibar, ni lazima tangu Oktoba 2024. Hata hivyo, serikali zetu ndizo za kulaumiwa, hazijui kujadiliana.

Shangazi, Hannover
Asanteni sana wote. Na ile namba ya pasipoti?

Fundi, Dortmund
Huyo mdogo ana urefu gani, shangazi? Kuna kiti hapa cha sm 100 hadi 150.